Jibu: Kumtembeza mama katika bonde la Lauterbrunnen, Uswisi

Ndugu wapendwa,

Mama yangu anakuja kutoka Lushoto mwezi Julai na anatamani kuiona theluji kwa macho yake. Ana miaka 71, presha yake inatulizwa kwa dawa, na ngazi humtesa magoti. Nimeshauriwa nimpandishe moja kwa moja hadi Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho juu milimani. Aliyewahi kumpeleka mzazi huko naomba anielekeze.

Wenu, wa Basel

*

Dada yangu,

Hongera kwa ugeni, na umfikishie mama shikamoo yetu. Nakusihi usianzie Jungfraujoch. Kituo kile kipo mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, yaani si chini sana ya vibanda vya Horombo kule Kilimanjaro, ambako wapandaji hufika kwa miguu siku ya pili, ilhali kutoka Lauterbrunnen, kwenye mita 800 hivi, treni hukufikisha kabla ya saa mbili kwisha na mwili haujapata nafasi ya kuizoea hewa ile nyepesi. Mwaka juzi nilimpeleka baba mkwe bila kulifikiria hilo. Tulipofika juu kichwa kikaanza kumgonga, ukungu ulikuwa umetanda, na madirishani hatukuona ila weupe mtupu. Inaniuma hadi leo, kwa kuwa alikuwa na siku nne tu za kukaa nasi.

Theluji ataiona akiwa Mürren. Pandeni gari la nyaya kutoka Lauterbrunnen hadi Grütschalp, kisha treni ndogo inayopita juu ya genge hadi kijijini, kwenye mita 1,638, mahali pasipoingia magari ya wageni. Mkiketi kwenye benchi, vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau yenye mita 4,158 vinasimama ng'ambo ya bonde, na barafu yake haiishi hata Julai.

Kabla ya kupanda, mpitishe kwenye maporomoko ya Staubbach, ambayo ni mwendo mfupi kutoka stesheni. Maji huanguka karibu mita 300, na jina lake lina maana ya kijito cha vumbi, kwa sababu upepo huyapeperusha na kuyasaga kabla hayajagusa chini. Simameni malishoni mtulie: mkanda mweupe unapinda kushoto, unakatika, unajiunga tena, na baada ya kitambo utagundua kwamba khanga yake imelowa ingawa hakuna tone mliloliona likidondoka. Maporomoko ya Trümmelbach, yanayopita ndani ya mwamba, yana kishindo cha kutisha kweli, lakini ukishatoka kwenye lifti zinabaki ngazi zenye unyevu, kwa hiyo kwa magoti yake ningeyaacha.

Wenu, wa Bern

*

Kaka, ahsante sana. Je, akisisitiza kufika juu?

*

Basi aulizwe kwanza daktari wake, mlale usiku mmoja Wengen, kijiji kilicho njiani kwenda juu, na asubuhi utazame kamera za kileleni kwenye intaneti kabla ya kulipa hata faranga moja. Tiketi zikatwe kwa kadi ya nusu nauli, kwani ipo pia ya mwezi mmoja kwa wageni, na safari hiyo peke yake hurudisha sehemu kubwa ya gharama ya kadi. Mchukulie sweta nzito na maji ya kunywa, na mkifika atembee polepole. Kichwa kikimuuma, teremkeni kwa treni inayofuata, msingoje kipungue.