Uliyesoma Sheria ya Jinai chuoni, ni siku gani somo lilikuingia? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anasoma sheria mwaka wa kwanza hapa Dodoma. Jana kanipigia analia, kapata sapu (mtihani wa kurudia) ya Jinai. Namuuliza alikuwa anasomaje, ananiambia alikremu vifungu vya Sura ya 16, yaani Kanuni ya Adhabu, vyote, kimoja baada ya kingine. Niliumia, maana nami nilianza hivyohivyo, pale vimbwetani, viti vya nje vya kusomea, usiku, upepo wa Dodoma unapeperusha madesa (noti), naimba vifungu 195, 196, 197.

Mimi liliniingia kwenye semina moja. Mwalimu alikuja mikono mitupu, akatusimulia: watu wawili wamekunywa kilabuni, wamegombana, mmoja kampiga mwenzake fimbo ya kuchungia kichwani, mwenzake kafa. Je, ni mauaji ya kukusudia, au ya bila kukusudia? Darasa zima tukajibu kifungu cha 196, mauaji ya kukusudia, anyongwe. Hakubishana nasi, akaanza kuuliza tu. Fimbo ilikuwa nene kiasi gani? Alipiga mara ngapi? Alitamka nini kabla ya kupiga? Mwenzake alipoanguka, alikimbia au alimbeba kumpeleka zahanati? Tulibishana saa nzima, na kila jibu likiibadilisha kesi. Ndipo nikaelewa kifungu cha 200 kinaposema nia ovu kinataka nini: uitafute kwenye fimbo, kwenye jeraha, kwenye mdomo wa mshtakiwa. Baadaye nikasoma Rufaa ya Jinai Na. 150 ya 1994, nikakuta Mahakama ya Rufani imeyapanga maswali karibu yaleyale.

Wenzangu, ninyi je? Nataka nimsomee mdogo wangu majibu yenu kabla hajarudia mtihani.

Mchangiaji wa Makulu

Mimi ni kesi ya Mbushuu. Nilikuwa naiona kwenye orodha ya kusoma, naipita. Siku nilipojua ilianzia hapahapa, Mahakama Kuu Dodoma, nilikaa nayo usiku kucha. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya aliwatia hatiani washtakiwa kwa mauaji, halafu akakataa kuwahukumu kunyongwa, akisema adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inatweza utu, lakini ikasema Ibara ya 30(2) ya Katiba inairuhusu. Hukumu ya kifo ikarudi. Nilisoma sentensi hiyo mara tano. Mpaka leo sikubaliani nayo, na nadhani mwanafunzi asiyewahi kukosa usingizi kwa ajili ya hukumu hajaanza kusoma Jinai.

Mchangiaji wa tatu

Kutenganisha wizi na unyang'anyi wa kutumia silaha. Kifungu cha 287A, cha unyang'anyi huo, ni miaka 30 kwenda juu, kosa la kuchanganya hapo si la kuchezea. Mwambie asome maswali ya miaka ya nyuma.

Dada wa fildi

Mimi darasani sikuelewa kitu, nitasema ukweli. Nilielewa nikiwa fildi, mafunzo kwa vitendo, mahakama ya mwanzo, kijijini kwetu mkoani hapa. Mzee mmoja kashtakiwa kwa wizi wa mbuzi watatu, nao wamefungwa nje chini ya mwarobaini kama vielelezo, wanalia mpaka shahidi hasikiki. Hakimu akamuuliza, "Mzee wangu, uliwachukua?" Akajibu, "Niliwachukua, mheshimiwa, saa nne asubuhi, watu wanaona. Ni mahari ya binti yangu, huyu ananidai uvumilivu mwaka wa tatu." Nikashtuka pale nilipokaa. Kifungu cha 9! Mtu aliyechukua mali akiamini kwa dhati kuwa ni haki yake, bila nia ya kulaghai, hana jinai. Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza miezi mingi kikawa maneno matupu. Yule mzee alinifundisha kwa sentensi mbili, tena hakujua kama kifungu hicho kipo.

Mleta mada

Dada, nimemsomea hii simu ikiwa kwenye spika. Kanyamaza, kisha anauliza: hukumu ikawaje?

Dada wa fildi

Mwambie mzee aliachiwa huru. Mbuzi wakarudishwa kwa mlalamikaji, hakimu akamwelekeza mzee kuwa mahari inadaiwa kwa shauri la madai. Alilifungua wiki ileile.