Naomba ushauri: hadithi yangu ya magoti

Ndugu zangu, asalaam aleikum. Mimi ni wa Mombasa, nimeolewa Kampala, huu mwaka wa tatu. Naandika hadithi ya bi harusi mgeni, Mwislamu, anayetakiwa kumpigia magoti mama mkwe kila akimwamkia, kwa desturi ya Kiganda. Mwenyewe siku ya kwanza nilibaki nimeinama nusu, sinia la matoke mkononi (linaunguza!), nikiwaza: magoti si ya Mungu peke yake? Wakwe zangu nao Waislamu, wanapiga bila wasiwasi.

Abdulrazak Gurnah, mwandishi Mzanzibari aliyehamia Uingereza akapata Nobel ya Fasihi 2021, huacha maneno ya kwao bila kuyafasiri. Nami niache “nnyabo” (neno la Kiganda la heshima kwa mwanamke) hivyo hivyo? Halafu mume wangu akisoma atamtambua mamake. Nibadilishe nini?