Vibua tunaowafanya chambo: kuna anayewala?

Mshipi Mrefu: Wakuu, naombeni ushauri na msinicheke. Kila nikitupa mshipi wanaotangulia ni vibua. Tunawakatakata, tunawatia kwenye ndoana, tunamngoja samaki wa maana. Juzi wa maana hakutokea, nikarudi na vibua tisa kwenye ndoo. Nikasema leo chambo kitaliwa. Nikakaanga, nyumba nzima ikanuka, na nyama ina ladha ya mafuta yaliyochacha. Mke wangu akaonja kidogo, akasogeza sahani. Ndivyo walivyo, au nimekosea mimi?

Mla Mifupa: Hiyo ndoo ilikuwa na barafu?

Mshipi Mrefu: Maji ya bahari tu mkuu. Walikaa kama saa nne, tena juani.

Mla Mifupa: Basi hukula kibua, ulikula chambo. Samaki wengi wa nyama nyeupe huweka mafuta yao kwenye ini. Kibua yake yametapakaa mwilini, na yakipata hewa na joto yanaharibika upesi. Akitoka tu majini mkate matamvua damu itoke, kisha mzamishe kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Mchanganyiko huo humshika mwili mzima, anapoa haraka kuliko akilazwa juu ya barafu tupu isiyo na maji. Matumbo toa mapema, na mpike siku hiyohiyo.

Ndoana Kutu: Mkila chambo mtavulia nini? 😂

Mla Mifupa: Vichwa na matumbo, ndugu yangu. Samaki wa maana hajui tofauti.

Zamu ya Usiku: Mimi niko upande wa afya, na hapa sitanii. Ladha mbaya ndiyo iliyokuokoa. Vibua, jodari na jamaa zao wana histidini nyingi, yaani kijenzi kimojawapo cha protini, na samaki akikaa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini. Ukiila, uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, pengine na kuhara, mara nyingi ndani ya saa moja. Kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, moshi pia hauiondoi. Na samaki huyo anaweza asinuke hata kidogo! Ukihisi ulimi unawasha kama umeonja pilipili, tema. Kinga ni baridi ya nyuzi 4 au chini, tangu chomboni. Kwa sababu hiyohiyo, chambo cha kugandishwa cha dukani usikile. Hujui kilishinda wapi kabla ya kugandishwa.

Chumvi Kidogo: Halafu mnamkaanga wa nini? Ana mafuta yake tayari. Mchanje ubavuni, chumvi, limau, weka juu ya makaa makali mpaka ngozi ikauke na kupasuka. Ile nyama nyeusi kando ya uti ndiyo yenye ladha kali. Mgeni wa samaki huyu aiondoe kwanza.

Mshipi Mrefu: Mrejesho. Leo nimebeba barafu, nimechoma sita. Tofauti ni kubwa mno, mke wangu kala wawili. Nyeusi bado haitaki, kapewa paka. Wamebaki vidogo vitatu vyenye mifupa ya kero. Niwafanyeje?

Mla Mifupa: Sufuria ya presha, siki kidogo, moto mdogo kama saa moja. Mifupa inalainika, unatafuna na uti wake. Unadhani hili jina nililipata wapi?