Mchoro una alama ya ITAR (kanuni za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa silaha nje), mpwa wangu ana viza ya mwanafunzi

Fundi_Ohio: Wakuu, nina karakana ya kuchonga vyuma, mashine tatu tu. Nimepata oda ya kipuri cha ndege ya kivita. Siuzi nje, mteja yuko mji wa jirani. Mpwa wangu yuko mafunzoni kwangu, ndiye anayepanga programu za mashine. Kuna shida?

Dada_Ukaguzi: Ipo, kaka. Kumwonyesha mgeni mchoro huo kunahesabika kuusafirisha nje, hata mkiwa meza moja. Mwenye green card au mkimbizi aliyepokelewa si mgeni kwa sheria hii. Mwenye viza ya mwanafunzi ni mgeni. Na mtengenezaji husajiliwa Wizara ya Mambo ya Nje hata asipouza nje: kuanzia dola 3,000 kwa mwaka tangu Januari 2025. Mwulize mteja kipuri kiko kundi gani la orodha ya silaha ya ITAR.

Fundi_Ohio: Mungu wangu. Jana aliufungua kwenye laptopu yake.

Dada_Ukaguzi: Usifute kitu! Mwondoe kwenye kazi hiyo, andika tarehe na saa, tafuta wakili leo. Kujiripoti mwenyewe huweza kupunguza adhabu.

Mzee_Lathe: Na wa kupaka rangi je? Naye anapokea mchoro huohuo.