Jeki za kempa ya pikapu: za mkono, za umeme au za haidroli?

MamaNeema (Denver)

Habari zenu wadau. Mimi na mume wangu tumenunua kempa ya mtumba, kile kijumba cha kulala safarini cha kubebwa mgongoni mwa pikapu, yenye kitanda juu ya kabini. Ni ya mwaka 2006, fremu ya mbao. Tupu ina kilo 1,100. Tukiweka maji, gesi, vyombo na nguo nahesabu kama 1,350. Gari ni Ford F-350 yenye tairi mbili mbili nyuma.

Kempa ina jeki nne, moja kila kona, za kuzungusha kwa mkono, zinazoiinua ili gari litoke au liingie chini yake. Ya mbele kushoto tuliikuta imepinda kidogo. Kushusha na kupandisha kunatuchukua zaidi ya saa nzima, na bega la mume wangu si zima. Tunataka tukifika kambini Ijumaa tuishushe, tuzunguke milimani na gari tupu, Jumapili tuipandishe turudi nyumbani.

Njia tulizoziona ni tatu. Kununua jeki moja ya mkono badala ya iliyopinda na kuendelea hivyo hivyo. Kubadilisha zote nne ziwe za umeme zenye remoti. Au kuchukua seti ya haidroli ya kupampu ambayo jirani anaiuza kwa bei nzuri. Aliyetumia anisaidie.

Mkaa_Baridi (Calgary)

Dada, chukua za umeme. Nilizungusha kwa mkono misimu minne, sasa nina za umeme mwaka wa tatu na sirudi nyuma. Nasimama pembeni na remoti, naona kona zote nne kwa wakati mmoja, nikiona upande mmoja unatangulia nausimamisha na kuinua mwingine. Peke yangu namaliza kwa dakika kumi na tano.

Ila ujue udhaifu wake. Ukishachomoa waya wa gari, jeki zinakula betri ya kempa peke yake. Huku kwetu baridi ikishuka sana betri inakuwa nusu mfu, grisi inakuwa nzito kama ugali uliolala, na mota zinalia bila kupanda. Kila jeki ya umeme niliyowahi kuiona ina mahali pa kuchomeka mpini wa dharura. Utafute mpini huo siku ya kwanza, uujaribu nyumbani, uuweke kwenye gari, si ndani ya kempa. Kempa ikiwa juu futi nne kutoka ardhini na mlango umefungwa, mpini ulioko ndani haukusaidii.

BabuMitambo (Minneapolis)

Nimetumia haidroli ya kupampu miaka sita. Inainua bila jasho, hata mke wangu aliyekuwa na umri wa miaka 68 aliweza. Lakini unapampu kona hii, unafuata ile, unarudi, maana huwezi kuinua kona moja hadi juu halafu uende nyingine.

Kilichonifanya niiuze ni sili, ile mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje. Jeki ya skrubu, iwe ya mkono au ya umeme, ukiiacha Ijumaa, Jumapili utaikuta palepale, kwa sababu meno yake yanajishika yenyewe. Ya haidroli inashikiliwa na mafuta. Sili ikichoka, mguu unazama taratibu usiku kucha. Tuliamka asubuhi moja maji ya beseni yote yameenda upande mmoja, na kona ya nyuma imeshuka karibu inchi mbili. Kwa mtu anayetaka kuiacha imesimama wikendi nzima kama wewe, seti ya mtumba siishauri, labda sili zote ziwe zimebadilishwa na usiache kuweka stendi chini ya sakafu.

Kevo_DFW (Dallas)

Kuna njia ya nne, tena rahisi kuliko zote. Baki na za mkono, nunua soketi ya kuingia pale mpini unapoingia, kisha tumia drili ya chaji. Mimi huinua kona zote na betri mbili tu. Bega la mzee litapumzika na hamtagusa waya wowote.

FundiRashidi (Houston)

Kevo, ni kweli, ila mwambie na hili: drili iwe kwenye gia ya polepole na klachi yake ilegezwe. Na isiwe ile bunduki ya kupigapiga ya kufungulia nati za magurudumu. Ile hukata pini ndogo ya ndani ya jeki, halafu unazungusha juu na mguu hauendi popote. Pia mguu ukifika mwisho ghafla, drili hugeuka na mkono wako.

Sasa nirudi kwa dada. Mimi nilikuwa fundi bodi Dar kabla ya kuja huku, na hizi kempa nimezitengeneza nyingi. Kabla hujachagua injini ya jeki, nijibu mambo mawili.

La kwanza, jeki iliyopinda ni ya mbele. Gari lako ni la tairi mbili mbili. Pima kutoka mguu wa mbele kushoto hadi wa mbele kulia, upande wa ndani, halafu pima upana wa gari pale kwenye matao ya tairi za nyuma. Matao ya gari hilo yanakaribia inchi 96. Nina shaka kwamba jeki hiyo iligongwa na tao gari likirudi nyuma. Mguu wa jeki umeumbwa kubeba uzito unaoshuka wima. Ukiusukuma kwa ubavu hauna nguvu yoyote. Na ukishapinda usiunyooshe, ubadilishe.

La pili, mbao. Jeki imefungwa kwa bolti kwenye kona, na ndani ya kona hiyo ni ubao. Kempa ya 2006, maji huingia kwenye maungio ya juu, yanashuka kimya kimya na kukusanyika hasa pale chini kwenye bolti. Chukua bisibisi nyembamba, choma kuzunguka kila bamba la jeki. Ikiingia kama kwenye keki, usiinue kempa hiyo tena hadi ubao ubadilishwe. Jeki ya umeme mpya kwenye kona iliyooza itang'oka na kona yenyewe.

Kuhusu nguvu, usigawe uzito kwa nne ukaridhika. Kempa ya miguu minne ni kama meza kwenye sakafu mbovu, miguu miwili ya mshazari ndiyo inabeba, mingine inagusa tu. Kwa kilo 1,350 usihesabu 340 kwa jeki, hesabu 675. Jeki zinazouzwa zikiwa na uwezo wa kilo 900 na kitu zinatosha, lakini ndiyo sababu huwa nasema inua inchi mbili mbele, inchi mbili nyuma, usitangulie na kona moja.

Na pua ya kempa iwe juu kidogo kuliko mkia wakati wote, kupandisha na kushusha. Pua ikiinama, uzito wa kile kitanda cha juu unakimbilia jeki za mbele na miguu yote inaanza kulala kuelekea mbele.

OleArusha (Arusha)

Nawasoma kutoka mbali. Huku zinakuja juu ya Hilux na Land Cruiser za watalii wanaovuka bara, na mara mbili tatu nimeombwa niishushe kempa ili gari lifanyiwe springi. Mara ya kwanza vijana wangu walitaka kuininginiza kwa mnyororo kwenye boriti ya gereji. Nikakataa, paa la kempa halikutengenezwa kushikwa kutoka juu, uzito wote uko kwenye sakafu. Tulitumia miguu yake.

Nilichojifunza ni ardhi. Kitako cha mguu wa jeki ni kidogo kama sahani ya chai. Kwenye udongo wetu mweusi baada ya mvua kinazama ukiwa unakitazama. Mama Neema, katakata vipande vinne vya mbao nene, upana wa futi moja na zaidi, uvipake rangi kali usivisahau kambini.

Kevo_DFW (Dallas)

Mzee Ole, hata lami. Hapa Texas mwezi wa saba lami inalainika, nilikuta mashimo manne ya mviringo kwenye maegesho ya shemeji. Tangu hapo mbao ni lazima.

MamaNeema (Denver)

Shikamoo Mzee Ole, na nyote asanteni sana. Jana tulifanya alivyosema Fundi Rashidi. Kati ya miguu ya mbele kuna inchi 98. Yaani tumekuwa tukipita na inchi moja kila upande bila kujua! Na tao la kushoto la gari lina mkwaruzo mdogo wa rangi ya fedha ambao hatukuwa tumeuona.

Bisibisi iliingia kona moja tu, nyuma kulia, kama nusu kidole. Kona tatu ni ngumu.

Tumeamua hivi. Haidroli ya jirani tumeiacha. Mbao ya kona ile inabadilishwa kwanza. Kisha jeki za umeme, kwa sababu ya bega, na zile za mbele tunaziagiza na mabano ya kufunguka nje ili tao lipite kwa nafasi. Tutakuwa tunaishusha bila maji tenkini. Galoni moja ni karibu kilo 3.8 na tenki letu ni la galoni 30, hizo ni zaidi ya kilo 110 ambazo hazina haja ya kuninginia hewani.

Swali langu la mwisho: gari likishatoka, kempa ibaki juu au ishushwe?

Mkaa_Baridi (Calgary)

Ishushwe, dada, kadiri miguu inavyokubali. Ikiwa chini, upepo hauichezei na ngazi ya mlango inakuwa fupi. Halafu stendi chini ya sakafu ndipo mlale. Na kila mara kabla ya kuiinua kutoka kwenye gari, fungua minyororo yote ya kuifunga kwenye gari na uchomoe waya. Nimemwona mtu akiinua kempa na gari lake pamoja.

FundiRashidi (Houston)

Ile kona ya nyuma kulia, ukishafungua bamba na kabla hujaweka ubao mpya, piga picha uiweke hapa. Nataka kuona maji yameingilia wapi, maana tusipoziba pale juu, ubao mpya nao utaoza.