Siku saba Osaka mwishoni mwa Novemba: tupange vipi matembezi na chakula?

Muulizaji

Ndugu wasafiri, asalaam aleikum. Mimi na mke wangu tumejaliwa kupata siku saba za kutembelea Japani mwishoni mwa Novemba, na tutashukia uwanja wa ndege wa Kansai, ule wa Osaka, tukitokea Dar es Salaam kupitia Dubai. Tumefikiria kukaa siku tatu Osaka, mbili Kyoto na mbili Tokyo, kila mji na hoteli yake. Sisi ni watu wa Tanga, tunapenda kula kuliko kupiga picha, ila hatuli nguruwe wala hatutumii pombe. Naomba mniambie kama mpango huu unakaa sawa, na kama watu wa namna yetu wanaweza kushiba Osaka.

Mkaazi wa zamani wa Kansai

Waaleikum salaam, kaka. Futa Tokyo. Treni ya Shinkansen, ile ya mwendo kasi, huchukua saa mbili na nusu hivi, na nauli yake ni karibu yeni 14,000 kwa mtu mmoja kwenda tu. Ukiongeza kufungasha, kuhama hoteli na kurudi Kansai kupanda ndege, siku zenu mbili zitabaki moja, nayo ya uchovu.

Pangeni chumba mtaa wa Namba, mlale hapo siku zote. Treni ya Nankai inafika hapo moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, ya Kintetsu inawapeleka mji wa kale wa Nara kwa dakika 40 hivi, na njia ya Midosuji, ile yenye rangi nyekundu, inawafikisha Umeda, ambako treni ya haraka ya JR, yaani kampuni za Reli za Japani, huingia Kyoto kwa nusu saa. Pasi ya JR ya siku saba, iliyopandishwa hadi yeni 50,000 Oktoba 2023, haitawalipa. Kadi ya ICOCA, ile ya kuweka pesa na kulipia nauli, yatosha.

Kuhusu ngome ya Osaka, mjue mapema kwamba mnara unaouona ni wa zege, uliojengwa 1931, na ndani una lifti. Mimi hutumia muda zaidi kwenye mahandaki na kuta za mawe makubwa kuliko mnarani. Siku nyingine anzeni na hekalu la Shitennoji, lililoasisiwa mwaka 593, kisha mteremke kwa miguu hadi Shinsekai, chini ya mnara wa Tsutenkaku. Kyoto nendeni alfajiri, kwa kuwa majani mekundu ya msimu huo huvuta umati mkubwa; hekalu la Fushimi Inari halifungwi, kwa hiyo saa moja asubuhi muwe mmeshafika. Siku moja iacheni bila mpango wowote.

Mpishi wa nyumbani

Shemeji yetu wa Tanga atafurahi: takoyaki ni pweza aliyekatwa vipande na kuokwa ndani ya uji wa ngano, katika kikaango chenye mashimo ambacho ukikitazama utadhani ni cha vitumbua, tofauti ni kwamba mpishi huvigeuza kwa kijiti mpaka viwe mviringo. Uji huo hukorogwa kwa supu ya samaki wakavu, na hapo hapana tatizo.

Tatizo huwa limejificha. Okonomiyaki, yaani chapati nene ya kabichi, huwekwa nyama ya nguruwe mara nyingi, na hata ukiagiza ya kamba, bamba la chuma ni lile lile. Kushikatsu, yaani mishikaki ya kukaanga ya Shinsekai, inaweza kukaangwa kwa mafuta ya wanyama. Udoni, yaani tambi nene za ngano, huonekana salama, ila mchuzi wake mara nyingi hutiwa mirini, ambayo ni pombe tamu ya mchele. Kwa hiyo andikeni masharti yenu kwa Kijapani kwenye karatasi na muonyeshe kabla ya kukaa. Rameni ya halali, yaani tambi za supu, ipo karibu na Namba. Soko la Kuromon nendeni asubuhi kwa samaki na matunda, ingawa bei zake siku hizi zimewalenga wageni.

Msafiri wa Mombasa

Sikubaliani na siku tupu. Ipelekeni Kobe, tena iwe Ijumaa, kwa maana ni chini ya nusu saa kwa treni kutoka Osaka. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa 1935, wa kwanza Japani, nao ulisalimika mabomu ya vita na tetemeko la 1995. Mitaa ya karibu ina maduka ya halali na mikahawa ya Kihindi na Kituruki, kwa hiyo siku hiyo hamtahitaji karatasi.

Muulizaji

Tokyo nimeifuta, na Kobe imeingia. Mke wangu sasa anauliza kikaango hicho kinauzwa wapi.

Mpishi wa nyumbani

Doguyasuji, uchochoro wa vyombo vya jikoni, hatua chache kutoka Namba. Anunue cha chuma cha kuweka juu ya jiko la gesi, asichukue cha umeme, maana umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230.