Packard ya 1937 kwa dola elfu 16, ni mali au naingizwa mjini?

Mbeba_Mizigo:

Wakuu habari za humu ndani. Niko Fort Wayne, Indiana, kazi yangu lori, na kutoka hapa mpaka Auburn ni kama nusu saa tu, pale penye makumbusho ya Auburn Cord Duesenberg. Nimepita nje ya lile jengo miaka yote bila kushtuka, sasa binti yangu akapelekwa na shule, akarudi nyumbani ni Cord, Cord, baba lile gari taa zake zimefichwa ndani ya madigadi na unazitoa kwa kuzungusha mkono kwenye dashibodi, mpaka ikabidi niende nikaone mwenyewe. Basi mimi ndo nimeharibika hivyo, siku hizi nikiwa off badala ya mpira naangalia minada ya magari ya zamani.

Sasa kuna mzee mmoja karibu na yadi yetu anauza Packard ya 1937, sedani milango minne, nyeusi, injini silinda nane za mstari mmoja, inawaka na inatembea, anataka dola elfu 16. Nikajiuliza mbona hiyo ni bei ya Toyota iliyotumika? Packard si ndo walikuwa wanapanda matajiri wenyewe? Halafu nasoma kwamba Duesenberg ya yule mwigizaji Gary Cooper iliuzwa mnadani Pebble Beach, California, mwaka 2018 kwa dola milioni 22. Zote za Marekani, zote miaka ya 30, zote silinda nane mstari mmoja. Tofauti iko wapi hasa? Na hiyo Packard ninunue au kuna kitu sikioni? Mke bado hajaambiwa. Nawasilisha.

Fundi_Flathedi:

Mkuu karibu kwenye ugonjwa. Kitu kidogo kwanza, pale Auburn yalikuwa makao ya kampuni ya Auburn, lile jengo la 1930 lilikuwa ofisi na shorumu yao, Duesenberg zenyewe zilitengenezwa Indianapolis. Mwenye mali alikuwa E. L. Cord, alichukua Duesenberg 1926 akawaambia wale ndugu wawili tengenezeni gari ambayo Marekani haijawahi kuona, bei msiangalie.

Wakaitoa Model J, Desemba 1928 kwenye maonyesho ya New York. Injini inchi za ujazo 420, kamshafti (vyuma vya kufungulia valvu) mbili juu ya hedi, valvu nne kwa kila silinda, yaani mambo ambayo magari ya kawaida yamekuja kuwa nayo miaka ya 80 na 90. Kampuni ikatangaza nguvu za farasi 265, na wakati huo wenzao wa bei ya juu hapa Marekani walikuwa hawafiki hata nusu ya hapo. Chesisi na injini peke yake, bila bodi, dola 8,500. Bodi unaenda kuagiza mwenyewe kwa mafundi wa bodi, Murphy wa Pasadena, Rollston wa New York, LeBaron na wengine, ukimaliza umetoa elfu 13 mpaka 20 na zaidi. Mwaka huohuo ukiwa na dola kama mia tano unaondoka na Ford mpya. Halafu soko la hisa likaanguka 1929, kwa hiyo Model J zote pamoja hazikufika hata 500, na 1937 kampuni ikafa.

Ila usichukue hiyo milioni 22 ukafikiri ndo bei ya Duesenberg. Ile ni SSJ, chesisi fupi ya inchi 125 na supachaja ya kusukumia hewa kwenye injini, zilitengenezwa mbili tu duniani, ya Gary Cooper na ya Clark Gable. Duesenberg sedani ya kawaida ni ghali lakini haiko hata kwenye mtaa huo.

Na hapo ndo jibu lako linapoanzia. Kwenye haya magari bei haifuati jina lililo kwenye radieta, inafuata bodi na ukoo wa gari. Chesisi moja, injini moja, ikiwa na paa la kukunja inauzwa mara nyingi ya ile yenye paa la chuma. Ndo maana miaka ya nyuma watu walikuwa wananunua limuzini nzuri kabisa, wanang'oa bodi wanaitupa, wanatengeneza nyingine ya wazi ya kuigiza. Magari mengi sana yameuawa hivyo. Kwa hiyo klabu ya Auburn Cord Duesenberg ina utaratibu wa kukagua na kutoa cheti kama chesisi, injini na bodi viko kama vilivyozaliwa pamoja, na cheti hicho kinabadilisha bei vibaya mno.

Packard yako: nenda kafungue boneti, angalia ukuta unaotenganisha injini na abiria, kuna kibao kidogo cha chuma. Packard waliandika hapo namba ya gari, na dealer aliyeiuza akagonga jina lake na tarehe aliyoikabidhi. Njoo utuambie kimeandikwa nini, maana mwaka 1937 Packard walikuwa na gari nne tofauti kabisa na kwa mbali zinafanana uso.

Ushi_wa_Kapeti:

Shikamooni wakubwa. Mimi nashona viti vya magari, niko Ohio, na naomba mtu asiongee habari za haya magari kama injini tu.

Ukipata nafasi tazama town car yoyote ya enzi hizo, ile ambayo dereva anakaa nje hana paa na bosi yuko ndani nyuma ya kioo. Kiti cha mbele ni ngozi, kiti cha nyuma ni kitambaa cha sufu. Mtu wa leo anaona ngozi ndo heshima anadhani dereva kapendelewa. Wapi! Ngozi ilikuwa ya dereva kwa sababu yeye ndo ananyeshewa. Bosi anakalia sufu laini, haichomi wakati wa joto, haigandi wakati wa baridi na hailii mtu akijisogeza. Sasa mtu ananunua sedani ya 1930 yenye sufu yake halisi anaing'oa anaweka ngozi nyekundu eti ameipandisha hadhi. Huwa naumia.

Kaka Mbeba Mizigo, hiyo Packard angalia kitambaa cha juu ndani ya paa na pembeni mwa milango. Kama ni cha zamani kimechakaa lakini kizima, usimruhusu mtu akiguse. Gari inaweza kupigwa rangi hata mara tano, lakini kitambaa chake halisi kikishang'olewa hakirudi. Na nusa. Ukisikia harufu ya panya maliza mazungumzo, wanakula nyaya na kujenga ndani ya viti.

Mzee_wa_Silinda16:

Naona mnamtia moyo kijana. Mimi nitasema ukweli, asinunue. Sedani ya Packard ya 1937 ya elfu 16 najua bila kuona kibao kuwa ni One Twenty, na One Twenty siyo gari ya kifahari ya zamani, ni gari ya watu wa kati iliyovaa uso wa tajiri. Classic Car Club of America, klabu ya magari ya kifahari ya zamani, wenyewe hawaiingizi kwenye orodha yao ya Full Classic, yaani zile wanazozitambua. Super Eight inaingia, Twelve inaingia, One Twenty haimo. Ukiweka hela hapo ujue umeweka kwenye raha, siyo mali.

Mimi naamini gari za kuheshimu ni zile walizotengeneza bila kuhesabu. Cadillac V-16 ilitoka Januari 1930, yaani miezi michache baada ya soko kuanguka, inchi za ujazo 452, na jamaa wakahangaika mpaka na sura ya injini yenyewe, nyaya na mabomba wakayaficha, ukifungua boneti unaona enameli nyeusi na kromu kama jiko la ikulu. Zikauzwa elfu nne na kidogo kwa miaka kumi na moja. Marmon nao wakatoa Sixteen yao 1931, alumini tupu, farasi 200, wakafilisika nayo ndani ya miaka miwili. Pierce-Arrow kule Buffalo wakaleta Silver Arrow 1933, dola elfu 10 katikati ya njaa ya nchi nzima! Wakatengeneza tano. Ile ndo kiburi, na kiburi ndo watu wanalipia leo.

Fundi_Flathedi:

Mzee wangu heshima yako iko palepale lakini hapo umemuonea. One Twenty ndiyo iliyomzuia Packard asizikwe pamoja na hao waliokuwa hawahesabu. Peerless alikufa 1931, Marmon 1933, Duesenberg 1937, Pierce-Arrow 1938. Packard akaitoa One Twenty 1935 kwa chini kidogo ya dola elfu moja kwa ile ya bei ya chini kabisa, na ile gari ilikuwa na breki za mafuta na springi za mbele zinazojitegemea wakati Packard kubwa za mamilionea bado zina breki za waya na vyuma, zikasubiri mpaka 1937 kupewa hivyo vitu. Yaani mtoto wa kidato cha kwanza alivaa viatu kabla ya kaka zake.

Nakubali kitu kimoja, jina lilishuka. Mtu aliyetoa elfu 4 kwa Packard hakupenda kuona jirani yake mwalimu ana radieta kama yake. Cadillac wakala hapo. Lakini hiyo ni hasara ya kampuni, mnunuzi wa leo inamhusu nini? Yeye anapata gari inayosimama ikiambiwa simama, spea zipo kwa sababu zilitengenezwa nyingi, na anaweza kwenda nayo kanisani Jumapili. Duesenberg nyingi zimegeuka hati za benki zenye matairi, zinatoka kwenye trela zinaingia kwenye nyasi za maonyesho ya Pebble Beach zinarudi kwenye trela.

Na Mzee usisahau hizo Duesenberg zenyewe miaka ya 40 zilikuwa zinauzwa dola mia kadhaa, watu waliona ni mzigo unaokunywa mafuta. Waliozitunza wakati huo hawakuwa wanawaza mali.

Ngong_Road_Boy:

Niaje wasee. Hapa Nairobi tuna Concours yetu, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, ilianza 1970 na siku hizi iko pale Ngong Racecourse, na nikienda huwa naona za Kiingereza nyingi, Ford za zamani pia, lakini hizi kubwa za Marekani za kabla ya vita ni nadra. Swali langu, majaji huko kwenu wanaipa pointi gani gari ambayo haijaguswa? Maana hapa kila mtu anang'arisha mpaka chini ya chesisi.

Ushi_wa_Kapeti:

Ngong Road, zamani hata huku ilikuwa hivyohivyo, gari inarudishwa inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani. Siku hizi Pebble Beach wenyewe wana madaraja ya magari yaliyohifadhiwa tu, rangi imepasuka, viti vimechanika, na watu wamejazana kuliko kwenye yale yanayong'aa. Mimi najifunzia huko, maana mshono halisi unauona kwenye gari ambayo hakuna mwenzangu aliyeishika.

Mbeba_Mizigo:

Wakuu nimerudi. Nimeenda jana nikafungua boneti, kibao kipo, namba inasomeka vizuri, dealer ni wa Toledo, na mzee anakiri mwenyewe kuwa ni One Twenty, tena alishangaa nimejuaje pa kuangalia. Dada Ushi, kitambaa ni cha zamani, kimepauka upande wa dirishani, harufu ni ya vumbi tu hakuna panya. Ila kuwaka ilichukua muda, stata inazunguka kivivu kweli, mzee anasema ndivyo zilivyo za volti sita. Ni kweli? Na kitu gani kingine niangalie kabla sijatoa hela.

Fundi_Flathedi:

Si kweli, na wengi wanadanganywa hapo. Volti sita inazungusha injini vizuri tu, ila inahitaji waya mnene. Watu wanaenda duka la spea wananunua waya wa betri wa gari za kisasa za volti 12, ni mwembamba, umeme haupiti wa kutosha, stata inalegea, halafu wanalaumu gari. Badilisha waya wa betri na wa kwenye chesisi weka minene, safisha mahali unapofungwa. Na ujue Packard hizo chanya ndo inafungwa kwenye chesisi, siyo hasi, ukifunga betri kwa mazoea ya lori lako utaharibu vitu.

Mengine. Iache iungurume nusu saa nzima huku unaangalia geji ya joto, usikubali dakika tano za kuonyeshwa. Ndani ya bloki kuna bomba la bati linalogawa maji, likioza silinda za nyuma zinachemka na kulitoa ni kazi ya kutokwa machozi. Kanyaga breki ushikilie, kama pedeli inazama taratibu kuna silinda kuu ya breki au ya gurudumu inavuja, hiyo si ugomvi mkubwa, ni ya kupunguzia bei. Chukua sumaku pitisha chini ya milango na kwenye madigadi, isiponata ujue ni puti, ile ya kuzibia kutu na mashimo. Vishikio na mapambo ya zinki yakishaanza kuvimba na kupasuka kuyatengeneza ni kazi ngumu na ghali, bora utafute mengine Hershey, Pennsylvania, kule kwenye gulio la spea za magari ya zamani kila Oktoba.

Na kubwa kuliko yote, kadi ya gari. Majimbo mengi enzi hizo yaliandikisha gari kwa namba ya injini, na injini ikibadilishwa makaratasi hayaendani. Linganisha kibao, injini na kadi kabla mkono haujaingia mfukoni. Vikiendana mpe elfu 14 aanze kukataa.

Mzee_wa_Silinda16:

Elfu 13 na nusu. Waya mwembamba na breki zina gharama. Halafu kabla hujalipa panda siku moja uende makumbusho ya magari ya Gilmore, Hickory Corners kule Michigan, haizidi masaa mawili kutoka kwako, wana Pierce-Arrow, Lincoln, Cadillac, zote mahali pamoja. Ukirudi bado unaitaka One Twenty basi nunua, sitasema neno.

Mbeba_Mizigo:

Gilmore nakwenda Jumamosi na binti. Mke nimeshamwambia, amesema gari hiyo ikikaa nje ya gereji na yake ikalala ndani hana neno, ila kwenye harusi ya mdogo wake mwezi wa tisa ndo itabeba bibi harusi na mafuta natoa mimi. Fundi, kwa mwendo wa maili 50 kwa saa mpaka Indianapolis inafika bila kuchemka?

Fundi_Flathedi:

Inafika mkuu, kama hilo bomba la maji ni zima. Pita barabara za zamani achana na barabara kuu ya I-69, wenye malori kama wewe watakupigia honi njia nzima.